Nyumba Aliyojengewa Nyoka wa Kitwana

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitikia kama mliokula magimbi mabichi. Haya, sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale, watu walipokuwa bado hawana adabu, na sina hakika kama wamepata tangu hapo, palikuwa na mkulima akiitwa Kitwana, na mkewe Bi Msimu. Walifuga nyoka mpole, kazi yake kukamata panya wa ghalani. Bila yeye, mbegu zao za mtama zisingefika msimu wa kupanda.

Mwaka mmoja mvua ikabomoa ukuta wa ghala, shimo la nyoka likafukiwa. Kitwana akasema, "Nitamjengea nyumba."

"Asante, bwana," akasema nyoka. "Nataka padogo, pa joto, pa giza."

Kitwana akaenda kumwuliza Jogoo. Jogoo akasema, "Paa liwe juu." Paa likawa juu.

"Bwana, nataka padogo, pa joto, pa giza."

Akaenda kumwuliza Mbuzi. Mbuzi akasema, "Weka madirisha, watu wapate kuchungulia." Kitwana akatoboa madirisha manne.

"Bwana, nataka padogo, pa joto, pa giza."

"Wewe unatambaa kwa tumbo," Kitwana akamjibu, "mambo ya nyumba umeyajulia wapi?"

Mara ya tatu akakiuliza kichwa chake mwenyewe, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Akasakafia chini kwa chokaa, pakawa na baridi ya kuuma mifupa. Nyoka akatiwa ndani.

Siku ya kwanza watu walikuja kuchungulia, nyoka hakula. Siku ya pili walichungulia, nyoka hakula. Siku ya tatu walichungulia, nyoka hakuinua hata kichwa. Panya nao walikuja kumjulia hali, midomo imejaa mtama.

Bi Msimu alipofungua ghala akakuta mbegu zimebaki nusu. Aliogopa sana. "Mume wangu, huyu anakufa, na sisi tutamfuata kwa njaa."

"Mwache azoee. Kesho Jumbe wa kijiji anakuja kuitazama nyumba yangu."

Sikieni hilo, nyumba yangu! Bi Msimu alichukua chungu kikuukuu kilichomeguka mdomo, akakiweka karibu na mafiga, akamtia nyoka, akafunika kwa kipande cha mkeka. Nyoka akajikunja mpaka mgongo ukagusa chungu pande zote. "Hapa," akasema. Baada ya kupata joto akashuka ghalani, akawapunguza wale waliokuja kumjulia hali.

Kesho yake Jumbe akaja na kijiji kizima. Kitwana akakuta nyumba tupu, akamwendea mkewe.

"Nyoka yuko wapi?"

"Jikoni. Ameshiba, amelala."

"Mtoe, mke wangu, usiniaibishe."

Bi Msimu akaketi mbele ya chungu, mwiko mkononi. "Njoo umtoe wewe."

Kitwana akautazama mwiko. "Basi nitalala mwenyewe katika ile nyumba, watu waone palivyo pazuri."

Akaingia, akajinyoosha sakafuni. Hakukaa sana, baridi ikampata. Akakunja miguu, magoti yakagusa kidevu, meno yakagongana, na watu wamejaa madirisha yote manne wakimkodolea macho.

Jumbe alichungulia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Bi Msimu, ambaye naye alikuwa ametoka kutazama, akamwuliza kwa huruma kweli.

"Huyu maskini amefanya kosa gani?"

"Amejenga nyumba," akasema Bi Msimu, akarudi jikoni.

Hadithi yangu imeishia hapo, dirishani. Anayetaka kuchungulia zaidi na aende mwenyewe, mimi nimechoka.