Kichuguu cha Nyuma ya Jiko

Mmeanza tena! Jana hadithi, juzi hadithi, koo langu halina mapumziko? Haya, kaeni. Wewe Chausiku, toa kidole puani. Nasema mara moja, sirudii.

Paukwa!

Pakawa!

Nguvu yenu ndiyo hiyo? Paukwa!

Pakawa!

Alikuwako mwanamke, jina lake Siwema, fundi wa kusuka mikeka kwa majani ya miyaa. Mkeka wake ukitandikwa, wageni waliona haya kuukalia. Alikuwa na binti mmoja, Mize, mtoto wa miaka mitatu, mdomo ndio kwanza unafunguka.

Asubuhi Mize akaleta konokono. "Mama, huyu nani?"

"Nyamaza, nahesabu miyaa."

Adhuhuri akaleta unyoya. "Mama, huu wa nani?"

"Nyamaza, nahesabu miyaa."

Alasiri radi ikapiga, mtoto akaja mbio analia. "Mama, nani kapiga?"

"Nyamaza, nahesabu miyaa!"

Jirani, Bi Msimu, akasema, "Shoga, mtoto hujibiwa."

"Mjibu wewe, shoga, usiye na kazi."

Basi Mize akaenda nyuma ya jiko. Palikuwa na kichuguu, kina tundu. Akaweka mdomo tunduni, akauliza, "Nani kapiga?"

Tundu likajibu taratibu, "Mawingu yamegongana, mwanangu. Umeogopa?"

"Nimeogopa."

"Sogea karibu."

Humo, watoto, mlikuwa na zimwi. Zimwi lisilo na haraka.

Toka siku ile Mize hakumwuliza mama yake kitu. Alikwenda kichuguuni na konokono wake, na unyoya wake, na machozi yake. Siwema akajisifu, "Mwanangu siku hizi ametulia."

Ametulia! Funza naye hutulia, huku anakula kidole.

Siku moja mkeka ukaisha. Siwema akaita, "Mize! Njoo nikuogeshe."

Mtoto akamtazama kama mtu amtazamavyo mpita njia. Akafumbua kinywa, ikatoka sauti nzito, ya chini, yenye vumbi: "Mama yangu ananiita."

Akakimbilia nyuma ya jiko, akaingia tunduni. Kichwa, mabega, miguu. Tundu la kuingia ngumi!

Siwema akashika jembe, akachimba. Akachimba, akachimba. Udongo ukasema, "Unatafuta nini?"

"Mwanangu!"

"Wako? Nijibu matatu, umchukue. Anaogopa nini?"

Siwema akachimba.

"Anacheka nini?"

Akachimba tena.

"Konokono wake kampa jina gani?"

Siwema akaangusha jembe. "Sijui. Sijui. Sijui."

"Mimi najua," likasema zimwi. Halikucheka. Afadhali lingecheka.

"Nirudishie! Chukua mikeka yangu yote."

"Zimwi hulalia mkeka? Nipe kitu ulicho nacho usichokitumia."

"Chukua!" Hata hakuuliza ni kitu gani.

Basi Mize akatoka, mzima, vumbi nywele nzima. Akamrukia mama yake shingoni, akaanza kusema. Akasema, akasema, pumzi zikampaa.

Siwema aliona midomo inacheza. Akajipiga kofi sikioni. Akaita jina la mtoto, akahisi koo linatetema, sauti yake mwenyewe asiisikie. Bi Msimu akaja, akaona, akafunga kanga yake kiunoni, akamketisha Mize karibu naye. Yeye ndiye aliyemjibu mpaka akawa mwari.

Hadithi yangu imekomea hapo, kawaambieni na mama zenu: mtoto asiyejibiwa nyumbani hujibiwa kwingine, na huko hawajibu bure. Siwema alilipa masikio yote mawili, na mpaka anazikwa hakupata kusikia hata neno moja la mwanawe.