Bimkubwa wa Fundi Saa

Kuna watu ambao kipya kikiingia mlangoni, macho yao hufumba kwa kila kilichomo ndani. Fundi Saa alikuwa mmoja wao. Lau angebadilisha redio au viatu, kosa lake lingesahaulika kwa wiki moja. Yeye alibadilisha nyoka.

Mchana alitengeneza saa kibandani kwake, na saa za mapumziko alifuga chatu wadogo katika chumba cha nyuma, wa jamii ile ambayo ikiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Kila mmoja alikuwa na droo yake ya plastiki, karatasi chini na bakuli la maji. Mkongwe wao alikuwa jike wa kahawia mwenye madoa meusi, ambaye Fundi alimlea miaka kumi na miwili tangu akiwa mwembamba kama kidole. Alimwita Bimkubwa. Mkewe, mshonaji mwenye ulimi mwepesi, aliwaambia wageni kwamba yeye katika nyumba ile ni mke mdogo tu, mkubwa yumo kwenye droo.

Bimkubwa alikuwa na ila moja: watoto wake wote walitoka kahawia kama yeye. Wafugaji wengine walikuwa na chatu weupe wenye mabaka ya manjano, na wengine wasio na doa hata moja. Walimtania Fundi kwamba anafuga udongo. Alicheka nao, lakini moyoni iliuma. Alitamani siku moja, kabla hajazeeka, chumba chake nacho kitoe rangi. Mwaka ule alimpandisha Bimkubwa kwa dume wa ukoo wake uleule, kahawia vilevile, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Jike akataga mayai sita. Fundi aliyaweka kwenye kasha la joto na kutia kila moja alama ya penseli upande wa juu, maana yai la chatu likipinduliwa mtoto hufia ndani.

Siku chache baadaye alifika mfanyabiashara wa nyoka ambaye wote walimwita Madoido. Alifungua mfuko wa kitambaa, akatoa jike wa manjano mwenye mistari myembamba iliyosukana kama utando wa buibui. Fundi alimeza mate. Madoido akasema hataki hela, anataka wabadilishane tu: huyu wa manjano abaki, yule mkubwa wa kahawia aende.

"Mume wangu," mkewe alisema, "huyu hujui anavyokula wala anavyolala. Yule unamjua kama kiganja chako. Subiri hata mwezi."

Fundi alimjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Bimkubwa akatiwa mfukoni, akaenda.

Kwa siku tatu majirani walipishana mlangoni kumtazama mgeni. Siku ya nne Fundi alimpa panya. Nyoka alirusha kichwa, akakosa. Akarusha tena, akakosa tena. Kisha kichwa kikaanza kuzunguka chenyewe, kikapinduka hadi kidevu kikatazama dari. Fundi alimhangaikia wiki tatu, akibadilisha joto na chakula, mpaka daktari wa mifugo alipomweleza wazi kwamba mistari ile na kichwa kile huzaliwa pamoja, wala hakuna dawa ya kuvitenganisha. Bimkubwa hakuwahi kumkosa panya hata mmoja. Fundi alipolikumbuka hilo aliona haya, na baada ya haya ikaja huzuni kubwa.

Alimbeba yule wa manjano, akaenda kwa Madoido. Droo aliyowekwa Bimkubwa huko ilikuwa tupu. Madoido alimwambia, bila kupepesa jicho, kwamba nyoka yule aligoma kula tangu alipofika, na chatu wa kahawia asiyekula hana mnunuzi. Asubuhi ile alikuwa amempeleka kwa mtengeneza mikoba, mtaa wa pili, akachunwe.

Fundi alitoka mbio. Mtu mzima mwenye kitambi akikimbia hivyo, watu humpisha njia. Alimkuta mtengeneza mikoba, mama mmoja mtulivu, akinoa kisu. Aliuliza tu kama amechelewa.

"Yumo kapuni hapo," mama yule alisema. "Macho yameingia ukungu, anataka kujivua gamba. Ngozi ya namna hiyo hainifai, nilikuwa naenda kumrudisha."

Fundi alifunua kapu. Bimkubwa alikuwa amejiviringa, mzima, anapumua. Aliketi sakafuni naye mapajani, akalia bila haya, kisha akacheka, na mama yule akamletea maji ya kunywa.

Madoido hakuleta ubishi, kwani nyoka asiyekula alikuwa mzigo kwake. Walirudishiana kila mtu nyoka wake, na Fundi akamsihi amweleze mnunuzi ajaye ukweli wa kichwa kile. Nyumbani, mkewe alikuwa ameshatandika karatasi mpya.

"Karibu nyumbani, mke mwenzangu," alisema, akafunga droo taratibu.

Bimkubwa alijivua gamba, na siku ya tano akamdaka panya kwa pigo la kwanza. Usiku huo Fundi alipata usingizi aliokuwa ameusahau.

Wiki tano baadaye mayai yalipasuka. Wa kwanza alitoka kahawia, wa pili kahawia, na Fundi akamshukuru Mungu kwa dhati, hakutaka zaidi. Katika yai la tatu kikachungulia kichwa cheupe chenye macho mekundu na mabaka ya manjano. Mkewe alimshika mkono, wakainama wote wawili kumtazama. Daktari alieleza kwamba Bimkubwa alikuwa ameibeba rangi ile ndani yake maisha yake yote, ila haijitokezi mpaka dume naye awe ameibeba, kama huyu wa ukoo wake. Rangi ambayo Fundi aliitafuta kwa watu ilikuwa imelala nyumbani kwake miaka kumi na miwili, na nusura iwe mkoba.

Habari zilipoenea, Madoido alikuja na mifuko miwili, akitaka kumbadilisha Bimkubwa kwa chatu wawili wa rangi. Fundi alimpa kiti, akamwomba asijisumbue kuifungua, kwa maana somo lile lilikwisha kumwingia: usiache mbachao kwa msala upitao.