Doa la Kambare wa Bi Sikudhani

"Doa la kambare, kitazame kioo." Mmenisikia nikimwambia hivyo mama wa jirani, basi mmeisahau hata ngazi mliyokuja kuazima. Kaeni. Maneno hayo yana kwao, na kwao ni hapa hapa Morogoro, ndani ya kabati la sambusa.

Alikuwepo fundi saa mmoja, tumwite Mkude. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa mshonaji, naye alifuga kambare. Alimtoa bwawa la Mindu akiwa mdogo kama kidole, akamtia katika kabati la kioo la kuuzia sambusa, lililozibwa gundi kila pembe na kujazwa maji. Kambare akakua. Ndevu zake, wallahi, kinyozi aliwahi kuja kuzipimia mkasi. Msicheke, nilikuwepo.

Kabati lile lilikaa sebuleni, ubavuni mwa cherehani. Bi Sikudhani akikanyaga, sakafu inatetema, maji yanatetema, kambare anasogea kioo cha upande ule. Nguo ikiisha, anarushiwa kipande cha mkate.

Siku moja ikaja habari kwamba mama yake Bi Sikudhani anaumwa, kule Tunduru. Mkude akanuna. "Mama yako ana watoto saba. Lazima uende wewe?"

Bi Sikudhani aliifunika cherehani kwa kitambaa, akasema, "Nitunzie kambare wangu. Nikisikia amekufa, nitajua huku hakuna tena anayenisubiri." Akaenda.

Mama mtu alipona mwezi wa pili. Mwaka ukakatika. Mkude hakupiga simu: aliyeondoka ndiye abishe hodi. Bi Sikudhani naye hakupiga: aliyebaki ndiye aseme karibu.

Ndipo kambare akatokwa na doa. Shavu la kushoto, jeupe, upana wa kifungo cha koti.

Mkude akaingiwa na baridi. Akifa huyu, je? Jirani mmoja akasema ni choa. Likasuguliwa jani la mwarobaini, wapi! Mwingine akasema ni ukungu, tia chumvi. Kambare hana magamba, jamani! Chumvi ilimchoma, akaruka mpaka akaigonga kalenda ukutani, ikarudi nyuma miezi mitatu. Doa likazidi kupanuka.

Mwisho akaitwa afisa uvuvi, mama mmoja mpole ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi Samaki. Akaletewa kigoda, akaketi, akaomba chai. Kikombe kizima kikaisha hajamgusa mgonjwa.

"Bibi Samaki, mgonjwa ni huyo mwenye ndevu," Mkude akasema.

"Hata wewe unazo. Tulia, baba." Akanyoosha kidole. "Kioo hiki mnakisugua?"

"Hakijaguswa mwaka mzima."

"Naona. Ukoga wa kijani kila upande. Sasa hapa mbona peupe?"

Upande wa cherehani palikuwa na duara dogo, safi, kama limefutwa kwa kitambaa. Wakangoja. Kambare akaja taratibu, akaliweka shavu lake la kushoto pale pale, akasugua, akatulia kama mtu anayetega sikio ukutani. Akasugua tena.

"Choa hana huyu," Bibi Samaki akasema. "Ngozi imechubuka. Kuna kitu huku nje anakingoja. Hapo kwenye kitambaa pana nini?"

"Cherehani ya mke wangu."

"Yuko wapi?"

Nikainua birika nimwongeze chai. Yaani, Mkude akainua birika.

Bibi Samaki akamshika mkono, akaugeuza. "Na kiwiko hiki, mbona kina sugu nyeusi?"

Mkude akakitazama kama cha mtu mwingine. Kisha akalitazama dirisha linaloelekea barabara ya stendi. Kwenye ubao wake rangi ilikuwa imebanduka, mahali pa kiwiko kimoja tu.

"Dawa ya kupaka sina," Bibi Samaki akasema akiinuka. "Doa la kambare nimelisoma kwenye kioo. Lako, baba, lisome mwenyewe."

Alipotoka, Mkude aliivua cherehani kitambaa, akaketi, akakanyaga. Maji yakatetema. Kambare akajipindua kwa furaha nusura alivunje kabati. Huku akikanyaga, Mkude akapiga simu Tunduru.

Bi Sikudhani hakusema hata hujambo. "Nani huyo anashona kwenye cherehani yangu?"

"Hashoni mtu. Nakanyaga tu, bila uzi. Kambare anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Kile ninachoumwa mimi."

Miguu ikaendelea kukanyaga.

"Usikanyage hivyo, utakata mkanda," akasema, sauti imelowa. "Nikija nitaikuta haifai."

"Karibu," Mkude akasema. Neno moja, lililomchukua mwaka mzima.

Alirudi Jumamosi. Doa la kambare likafifia, likaisha. Sugu ya kiwiko nayo ikalainika. Bi Sikudhani akashona miaka mingine kumi na minne. Kisha akasafiri tena, safari hii kule simu isikofika, na kambare hakukaa wiki tatu nyuma yake.

Cherehani? Ile pale, chini ya kitambaa. Siku nyingine huwa inakanyagwa kidogo, bila uzi, ingawa maji ya kutetema hayapo tena.

Haya, chukueni ngazi. Na wewe, acha kukitumbulia macho kiwiko changu. Doa la kambare, kitazame kioo. Dirisha lile pale.