Nondo Kumi na Mbili za Ukaguzi

Kaeni, wapendwa, kaeni. Leo msinisubiri nipaze sauti, sauti sina. Wiki hii nimezika watu wawili na nimekaa kikao kimoja cha kamati ya ujenzi, na kikao kimenichosha kuliko misiba yote miwili. Nitawapa mfano mmoja tu, kisha mtaenda kupika.

Alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa anajenga. Nyinyi mliowahi kujenga mmeshaanza kuguna, nawasikia. Mtu huyu alitaka nyumba ya ghorofa moja. Juu akae yeye na mkewe na watoto, chini akae mama yake mzazi, maana miguu ya mama ilikuwa haipandi ngazi tena. Mama alikuwa anaishi chumba cha kupanga, kinachoingiza maji kila masika. Alikuwa ameshamwambia, "Mwanangu, mimi ghorofa siitaki. Nataka nilale pakavu kabla sijafa."

Basi akaenda kuomba kibali cha ujenzi. Nani hapa hajafika ofisi zile? Akapeleka ramani. Wakamwambia zinatakiwa nakala nne. Akapeleka nne. Wakamwambia mhuri wa mtaa haujakolea, arudi kwa mwenyekiti. Akarudi kwa mwenyekiti, mwenyekiti yuko semina. Alhamisi anaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu anaambiwa anayeshika faili lako yuko likizo ya uzazi. Mwezi wa kumi na nne kibali kikatoka, na hata hakufurahi. Alikitia kwenye mfuko wa nailoni, akakaa kwenye kivuli cha ukuta wa ofisi, akanywa maji.

Kibali kilikuwa na sharti. Kabla zege la juu halijamwagwa, mkaguzi wa majengo lazima aje ahesabu nondo. Ramani ilitaka boriti tatu za zege, na kila boriti nondo nne nene. Tatu mara nne, ngapi? Kumi na mbili. Na hizo kumi na mbili alikuwa nazo mwanzoni kabisa! Lakini miezi kumi na minne ni mirefu. Mtoto aliugua, nondo zikauzwa. Shule zikafunguliwa, zikauzwa nyingine. Siku kibali kinatoka, mkononi alikuwa amebaki na nondo nyembamba za kufungia banda la kuku.

Fundi wake akamkuta amejiinamia, akacheka.

"Mzee, unaumiza kichwa cha nini? Mtaa huu tuna nondo za ukaguzi."

"Nondo za ukaguzi ndiyo nini?"

"Kumi na mbili, nene, safi kabisa. Viwanja vyote hapa vilipimwa siku moja, upana mmoja, kwa hiyo zinaenea kila nyumba. Mkaguzi akija tunazifunga kilegevu. Anahesabu, anasaini, anaondoka. Kesho yake kabla ya zege tunazichomoa, tunaweka nyembamba zako, zile zinakwenda kwa jirani anayefuata. Nyumba sita zimeshapita hivyo. Umesikia iliyoanguka?"

Hakuwa amesikia iliyoanguka. Na sisi ndiyo hoja yetu kubwa, si ndiyo? Umesikia aliyeanguka? Akachoka, akakubali. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka anakubali vitu ambavyo siku nyingine angevifukuza kwa fimbo.

Mkaguzi aliahirisha mara tatu, akaja Jumatano. Alishuka kwenye pikipiki viatu vimejaa vumbi, akapanda ngazi ya mbao polepole, akahesabu. Kumi na mbili. Kisha akainama kwenye boriti ya katikati, akasugua ncha ya nondo kwa kidole gumba.

"Mzee, sogea uone."

Kwenye ncha ile kulikuwa na tone la rangi ya buluu.

"Rangi hii nimeitia mimi, kwenye nyumba ya pili. Nilitaka nijue zinatembea mpaka wapi. Leo nazihesabu mara ya saba."

Yule bwana aliiona miezi mingine kumi na minne inamjia. "Injinia, nihurumie. Masika yamekaribia, na mama yangu..."

"Sikukatalii. Nyumba ya tatu nilikataa, nikapigiwa simu na wakubwa, nikaambiwa nakwamisha maendeleo. Nimechoka, mzee wangu. Nitasaini. Ila saini yangu haibebi zege. Hapa chini atalala nani?"

"Mama."

Mkaguzi akasaini, akampa karatasi yake, akashuka.

Sasa, alasiri ile ile mama akaja na mkongojo wake kuangalia chumba. Alikuwa amesikia mkaguzi kapita. Akapenya katikati ya mirunda iliyoshikilia mbao za juu, akauliza kitanda kitakaa wapi. Mwanawe akamwonyesha. "Na kichwa nitakielekeza huku?" Huku. Mama akatazama juu, akatabasamu, akasema, "Umenihangaikia mwanangu, Mungu akuone." Kichwa kilikuwa chini ya boriti ya katikati kabisa.

Wapendwa, mtu huyu angekuwa mimi, sijui.

Alhamisi asubuhi wapiga zege walifika mapema, kabla ya fundi. Kokoto zipo, mchanga upo, saruji ipo. Akawaambia, "Anzeni boriti ya katikati." Fundi akatokea anakimbia, chai bado iko mdomoni.

"Mzee! Mzee, bado hatujachomoa nondo!"

"Nimeona."

"Jirani ana ukaguzi kesho! Atafunga nini?"

"Mwageni," akawaambia wale vijana wenye ndoo. "Mwageni mpaka mwisho."

Mchana jirani akaja na mkokoteni kuchukua mzigo wake. Akauliza ziko wapi, akaonyeshwa zege bichi. Mtaa mzima ukamwita yule mwenye nyumba mwizi. Wakamnunia kisimani, wakamnunia dukani, mkewe akaondolewa kwenye chama cha akina mama. Lakini nawauliza, kuna aliyekwenda polisi? Angesemaje? "Afande, ameniibia nondo zangu za kudanganyia"?

Jioni akamwambia fundi, "Nondo zako nitakurudishia mpya, zote kumi na mbili, hata ikinichukua mwaka. Ila zitaingia kwenye nyumba ya jirani, na siku zinamwagiwa nitakuwepo nimesimama." Fundi alinuna wiki mbili. Halafu siku moja akarudi nyumbani kwake mwenyewe, moja ya zile sita. Akawatazama watoto wake wanavyocheza chini ya boriti, akashindwa kuingia ndani.

Mfano umeishia hapo. Sasa tujisemee wenyewe.

Mimi ni mkaguzi wenu mwaka wa kumi na tisa huu. Nazijua nondo za usharika huu moja moja, na nilishazitia rangi zamani. Ushuhuda ule ule, machozi yale yale, "tumesameheana" ile ile. Jumapili mnazifunga kilegevu, nahesabu, nasema amina. Jumatatu asubuhi mnazichomoa. Mume anarudi kuwa yule yule, na jirani analimiwa mpaka wake ule ule. Na mimi nasaini, maana nikikataa mzee wa kanisa ananipigia simu. Tunamdanganya nani? Aliye mbinguni haji kwa pikipiki. Na chini ya zege letu hawalali wakaguzi, wanalala watoto wetu, wake zetu, mama zetu, wanatazama juu wanatushukuru!

Msicheke huko nyuma, hamjamaliza kunisikia. Nami ninazo za kuazima. Miaka minne nawahubirieni msamaha, na miaka minne sijakanyaga kwa mdogo wangu wa tumbo moja, anayeishi mwendo wa saa moja kutoka kwenye mimbari hii. Tuligombana kwenye matanga ya baba. Kila nikimaliza mahubiri ya kusameheana, nayachomoa nayaweka kwenye begi, nayapeleka kwenye ibada nyingine. Mnayasifu sana mahubiri yale. Jana nikiwa kwenye kile kikao cha ujenzi mmoja wenu akasema, "Mchungaji, zege likishamwagwa hakuna kurudi nyuma," nami nikashindwa kuandika hata neno moja kwenye daftari.

Basi mama mchungaji hakuniwekea chakula cha mchana, nimemwomba asiniwekee. Nikitoka hapa naenda kwa mdogo wangu. Sijui atanifungulia mlango au atanifungulia mbwa. Wewe unayeondoka hapa kwenda kupika, nani amelala chini ya boriti yako?

Simameni tuombe. Sala ya leo ni fupi, nina safari.