Somo wa Binti Zamda

Sogeeni, na anayesinzia ampishe mwenzake. Hii si hadithi ya kumbembelezea mtoto. Kila nikiisimulia damu hunichemka, na leo sitaki kuchemka peke yangu.

Katika kijiji cha Lukange, juu milimani, walikuwapo wanawake watatu. Mwanvua alijaliwa nguvu: gunia ambalo mwanamume hulizunguka kwanza akilitafakari, yeye alilitia begani huku akiendelea na mazungumzo. Zaituni alijaliwa kujua njia; hapakuwa na kijia cha mlima ule ambacho mguu wake haukukijua. Asumini alijaliwa mikono. Tumbo la mtu likisokota, akiweka kiganja chake, linatulia.

Wa nne ni Zamda, na hadithi hii ni yake. Yeye alijaliwa mume, kama huko nako ni kujaliwa.

Mume huyo aliitwa Kondo. Asubuhi moja ya masika, mimba ya mkewe ikiwa imetimia, alimpiga kwa sababu ya uji uliopoa. Zamda alipoanguka na uchungu ukamshika, Kondo alitoka mbio akaacha mlango wazi na mvua ikaingia ndani. Mwanamume mzima alikimbia alichokifanya kwa mkono wake.

Bi Havijawa, mkunga wa kijiji, aliitwa. Akampapasa Zamda, akatikisa kichwa.

"Mtoto amelala mshazari," alisema. "Hapa mimi siwezi. Mvusheni mto mkampeleke hospitali, au anzeni kuchimba makaburi."

Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha pili, na gari halipandi kule masika. Basi wanawake wale watatu walifunga blanketi kwenye mti likawa machela, wakamlaza Zamda, wakaondoka. Mwanvua alishika mbele. Nyuma walipokezana Zaituni na Asumini.

Sasa lijueni jambo moja. Kwao Lukange, mzazi anayebebwa hufunikwa uso kwa kanga, asionwe wala asisemeshwe mpaka afike. Na mtu akishafunikwa, watu husahau kwamba ana masikio.

Njia kuu ilikuwa imeporomoka. Zaituni akawapitisha katikati ya shamba lake, mahindi yake yakakanyagwa yote, kisha ukingoni mwa genge ambako hata mbuzi hufikiri mara mbili. Pasipo yeye wangerudi nyumbani na maiti. Lakini Zamda alimsikia akisema, "Huyu alimpokonya mdogo wangu mchumba. Ningependa afie hapa hapa. Ila Mungu ananiona, na roho ya mtu si yangu kuiacha." Zamda akauma kanga asipige kelele, na hakuwa akiuma kwa uchungu wa uzazi peke yake.

Mto ulikuwa umefurika. Mwanvua akamtoa Zamda kwenye blanketi, akamkumbatia, akaingia majini, maji yakamfika kifuani na hakuyumba. Pasipo yeye mto ungewala wawili. Lakini katikati ya mto huo huo alicheka, akawaambia wenzake, "Nikifika ng'ambo na huyu, uenyekiti wa kitongoji ni wangu. Nani atathubutu kusimama na mimi?" Mtu anaombewa asife, mwenzake anahesabu kura juu ya tumbo lake.

Ng'ambo damu ikaanza kutoka, na Zamda akawa anapotea. Asumini akaweka mikono tumboni, akasugua, akaita jina lake kwa kuvunja mwiko, akalia machozi yakamdondokea mgonjwa shingoni, na damu ikapungua. Pasipo yeye hospitali ingepokea mzigo tu. Zamda angempenda Asumini mpaka kufa, laiti asingemsikia akinong'ona, "Maskini Zamda. Na maskini Kondo, mvua yote hii, nimemficha ghalani kwangu hana hata shuka."

Walifika. Mtoto akatolewa, msichana, mzima, mwenye sauti. Daktari akasema angekosekana mmoja tu katika wale watatu, asingekuwa na wa kumtibu.

Ikaja siku ya kumtoa mtoto nje. Kule, mtoto hupewa jina la mtu aliye hai, na mtu huyo huwa somo wake. Nao wanaamini kwamba jina haliji tupu: mtoto hurithi moyo wa somo wake. Si nguvu wala mikono. Moyo. Mama ndiye hutaja jina kizingitini. Akinyamaza, au akitaja jina la mtu asiyeshiriki kumfikisha mtoto duniani, baba ndiye humpa jina. Mkunga na daktari hawahesabiwi; hiyo ni kazi yao.

Na baba alikuwapo. Kondo alikaa kwenye mkeka wa Asumini na kanzu iliyopigwa pasi, anatabasamu kama aliyezaa yeye.

"Jina ni langu," Mwanvua alisema. "Wote wanajua nani alikuvusha mto."

Zamda akamtazama. "Ulinivusha kwa ajili ya kura. Nilisikia."

Mwanvua akatahayari, ila hakurudi nyuma. "Ungependa nikubebe kwa mapenzi halafu nikudondoshe? Upo hai. Ungenidai nini zaidi?"

"Na wewe," Zamda akamgeukia Zaituni, "uliniombea kifo."

"Nilikuombea, na leo bado sikupendi," Zaituni alijibu. "Kumbeba umpendaye hata paka hufanya. Mimi nilibeba ninayemchukia, nikakanyaga mahindi ya wanangu. Nani kati yetu alibeba mzigo mzito zaidi?"

Asumini hakudai kitu. Alikuwa analia tena.

"Ulimficha," Zamda alimwambia kwa hasira. "Mkono ulioshika tumbo langu ndio uliompakulia ugali aliyenipiga."

"Alikuwa na njaa, mdogo wangu. Nilishindwa kumwacha, kama nilivyoshindwa kukuacha wewe. Moyo wangu hauna mlango."

"Basi wezi wote watapita," alisema Zamda.

Ninyi mnaocheka, ngojeni zamu yenu. Mmoja alikuwa na tendo jema na moyo wa kujitafutia. Mmoja alitenda wema na chuki imemjaa kifuani, akaishinda. Mmoja alikuwa na huruma tupu, isiyojua tofauti ya aliyepigwa na aliyepiga. Msiniambie wote ni wema. Hilo ni jibu la mvivu. Wala msiseme mtoto apewe majina matatu, maana moyo ni mmoja.

Zamda amesimama kizingitini, mtoto mkononi. Ukimpa binti yake moyo wa Mwanvua, atafika mbali na hatampenda mtu. Ukimpa wa Zaituni, atatenda haki bila kuonja raha yake. Ukimpa wa Asumini, siku moja atampakulia ugali Kondo wake.

Bi Havijawa ameshauliza, "Somo wake nani?" Kondo naye ameinuka mkekani, anakohoa ili aseme.

Haya, wewe uliyekaa hapo mbele: mtajie jina, upesi, kabla yule hajafungua mdomo.