Mtihani wa Jembe

Enzi za Mwingereza, huko milimani Usambara, palikuwa na chuo kidogo kilichofundisha ualimu, useremala na kilimo. Kilimo chenyewe kilikuwa kupalilia mahindi ya Padri Elwin, mkuu wa chuo, kila alasiri. Aliyenung'unika alikaripiwa: "Hii si kazi, ni somo!"

Senkoro peke yake hakunung'unika. Alisubiri mkaguzi wa elimu akaribie kuja, akamwendea Padri kwa adabu zote.

"Padri, kwa nini usitutahini kilimo mbele ya mgeni? Aone ulivyotufundisha."

Padri alifurahi mno. Siku ya mtihani majembe yalikwenda kama ngoma, naye akatamba mbele ya mkaguzi: "Wote wamefaulu! Kwenye kilimo hawana tena la kujifunza."

Kesho yake alasiri, Padri akinywa chai na mkaguzi barazani, aliwaona wanafunzi wamejilaza kivulini.

"Senkoro! Mbona hamko shambani?"

"Tumeshafaulu, Padri. Aliyefaulu harudii somo."

"Na mahindi yangu atayapalilia nani?"

Mkaguzi akaweka kikombe chini. Senkoro akatoa macho kwa mshangao.

"Yako, Padri? Sisi tulijua ni ya somo."