Safu ya Subilaga

Mwalimu Mwakalobo alikuwa na kwaya ya wanafunzi arobaini, katika shule ya bweni huko milimani kwenye ukungu na baridi. Kila Januari aliwapanga waimbaji wapya kwa dakika tano. Wenye sketi walikwenda kushoto, waimbe sauti za juu. Wenye suruali walikwenda kulia, waimbe sauti za chini, teno na besi. Hakumjaribu mtu sauti. Ndivyo alivyopangwa yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi, na hakuona lililoharibika.

Mwaka mmoja akaja Subilaga, msichana wa miaka kumi na mitano, mwenye sauti iliyotoka chini kabisa. Alipoitika jina lake asubuhi, darasa zima liligeuka. “Subi, leo umenyoa ndevu?” wavulana walimuuliza. Wasichana walimwita jikedume, wakacheka bila kumtazama usoni. Mwalimu alisikia. Alidhani ni utani wa watoto na utaisha wenyewe. Akamsimamisha safu ya mbele, sauti ya kwanza, akamwambia akaze.

Naye akakaza. Alipanda na wenzake mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na pale noti ilipomshinda alifungua mdomo tu, hakikutoka kitu. Mwezi wa tatu alikuwa kimya hata darasani. Mwezi wa nne akaacha kwenda bwaloni kula. Kwenye ripoti yake Mwakalobo aliandika: mtulivu, ana nidhamu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu kufikia mashindano ya kwaya ya wilaya, Mama Sekela, mlezi wa bweni la wasichana, aliingia ukumbini katikati ya mazoezi akiwa na beseni.

“Mwalimu, njoo uone anachotema mwanao.”

Ndani ya maji ya chumvi mlikuwa na damu. Mama Sekela akasema kwamba Subilaga husukutua hivyo kila alfajiri, apate kuimba anavyotakiwa. Akasema pia kwamba sanduku lake limeshafungwa, mashindano yakiisha anarudi kwao, na shule basi.

Mwakalobo alitafuta wa kumlaumu, akajikuta anaitazama mikono yake mwenyewe. Siku hiyo hiyo alimpeleka Subilaga zahanati. Muuguzi akamwagiza akae wiki mbili bila kuimba, na baada ya hapo asilisukume koo lake tena. Kesho yake mwalimu akasimama mbele ya darasa, akasema kwamba lile jina la jikedume halitatamkwa tena mbele yake wala nyuma yake. Na kila jioni alikwenda na Mama Sekela kumuuliza Subilaga amelalaje na amekula nini, hata siku ambazo alijibu kwa kutikisa kichwa tu.

Wiki mbili zilipokwisha, akamwita mbele ya kwaya. “Subilaga, mwanangu, nilikosea. Leo imba pale unapoimbia ukiwa peke yako.”

Subilaga akaanza wimbo. Kisha akashuka, chini ya wasichana wote, chini ya teno, mpaka mahali ambapo wavulana sita wa besi walikuwa wakipapasa tangu Januari. Pale akasimama imara, na vioo vya madirisha vikaanza kulia. Wapishi wakaja mlangoni na miiko mikononi. Yule mvulana aliyekuwa akimuuliza habari za ndevu akasogea, akaacha nafasi. “Pita hapa, dada. Simama katikati, tupate kukusikia.” Wakaurudia wimbo mara nne, hakuna aliyetaka kutoka, na usiku ule Subilaga alimaliza sahani yake akaongeza nyingine.

Mkuu wa shule hakufurahi. “Sketi katikati ya besi? Wilaya nzima itatucheka.”

“Wacheke, Mkuu,” akasema Mwakalobo. “Mtoto ameanza kula.”

Walicheka kweli. Kwaya ilipopanda jukwaani, watu waligongana viwiko na kunong’ona. Lakini ubeti wa pili ulipoingia, besi ikaubeba wimbo wote kwa pamoja, na kicheko kikakatika. Kufikia ubeti wa mwisho watu walikuwa wamesimama juu ya mabenchi, wengine wakiimba nao. Walipata nafasi ya pili, wakarudi shuleni wakiimba njia nzima kana kwamba wamepewa wilaya.

Jumatatu mlango wa Mwakalobo ukabishwa hodi mara tatu, na wanafunzi watatu tofauti. Wa kwanza alitaka kubadilishiwa safu. Wawili waliobaki hawakuja kwa habari ya wimbo. Mmoja alikuja kusema anampenda nani, mwingine kusema yeye ni nani hasa, jambo walilolibeba peke yao kwa miaka, hawakuwahi kumwambia mzazi wala mwalimu. Akamvutia kila mmoja kiti, akasikiliza mpaka mwisho, wala hakumkata kauli.

Nanyi wazazi na walimu, shuleni kwenu wapo wavulana wanaowapenda wavulana na wasichana wanaowapenda wasichana, na wapo ambao mwili waliozaliwa nao hausemi walivyo: ni yupi kati yao anayejua leo kwamba akibisha hodi kwako, utamvutia kiti?